Albamu ya Bruce Springsteen ya kusikiliza kwanza: pa kuanzia ukiwa Lubumbashi

Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alitoa albamu yake ya kwanza Januari 1973. Tangu hapo albamu zake za studio zimepita 20, bila kuhesabu zile za jukwaani, mikusanyiko na masanduku ya nyimbo zilizobaki kabatini. Ndani ya rundo hilo kuna roki ya kelele yenye saksafoni, kuna gita moja na sauti moja gizani, kuna nyimbo za wazee wa zamani, kuna soul. Kijana akifungua simu yake pale Kamalondo au Katuba na kuandika jina hilo, anapewa orodha isiyo na kichwa wala miguu. Anabonyeza wimbo wa juu kabisa, anasikia mtu akipiga kelele kuhusu Marekani, anafunga. Anasema: huyu si wangu.

Nasema ni wake. Tena naamini msikilizaji wa Lubumbashi ana haki ya pekee juu ya muziki huu kuliko wengi wanaoishi karibu na New Jersey alikozaliwa, mradi aingie kwa mlango unaofaa. Mwongozo huu unaonyesha mlango huo, na milango mingine miwili kwa wale ambao sikio lao limelelewa kwingine.

Hatua ya kwanza: acha mikusanyiko

Watu wengi hufikiri njia salama ni kuchukua mkusanyiko wa nyimbo maarufu. Kwa wanamuziki wengine ni sawa. Kwa huyu ni hasara. Chukua *Greatest Hits* ya 1995: ina nyimbo 18, lakini kutoka albamu ya 1978 wamechukua wimbo mmoja tu, na kutoka ya 1982 mmoja pia. Springsteen hapangi nyimbo ovyo. Mtu anayeondoka mjini katika wimbo wa kwanza unaweza kumkuta amekwama katika wa tano, na katika wa kumi anasimama peke yake juu ya kilima na kusema amekubali gharama. Ukikata wimbo mmoja na kuuweka kati ya nyimbo za miaka mingine, habari yote imevunjika.

Rekodi za jukwaani pia subiri kwanza. Anasifiwa sana kwa jukwaa, na kwa haki: maonyesho yake mara nyingi yamepita saa tatu, na lile la Helsinki la tarehe 31 Julai 2012 lilipita saa nne. Lakini watu wanaopiga kelele uwanjani tayari wanazijua nyimbo kwa moyo. Wewe bado.

Hatua ya pili: jiulize sikio lako limelelewa na nani

Hapa ndipo watu hawatulii, nami naomba utulie. Hakuna anayeanza na sikio tupu. Sisi tumekua na rumba nyumbani, na kwaya kanisani, na wazee wetu wana gita la Katanga. Jiangalie kati ya hawa.

Kama unapenda okestra kubwa, yaani saksafoni inayoingia mahali pa mwimbaji, piano, magita mawili, watu sita au saba wakisukumana mbele kwa pamoja, na kama Verckys akipuliza katika OK Jazz anakusimamisha hata leo, basi *Born to Run* ya Agosti 1975 itakushika mara moja. Nyimbo 8, chini kidogo ya dakika 40. Wimbo wenye jina la albamu peke yake ulimchukua miezi sita studioni, na unasikia ni kwa nini: sauti zimewekwa juu ya sauti mpaka hakuna nafasi ya kupitisha sindano. Wimbo wa mwisho, “Jungleland”, unapita dakika 9, na katikati yake Clarence Clemons anapuliza saksafoni ambayo mtu wa rumba hahitaji kufafanuliwa. Clemons alifariki Juni 2011. Hakuna aliyejaza nafasi yake kwa sauti ileile, na mpwa wake Jake ndiye anayepuliza katika bendi sasa.

Kama wewe ni mtu wa gita kavu, yaani kama nyumbani kwenu kuna mzee anayepiga kwa vidole mtindo wa Jean-Bosco Mwenda, kidole gumba kikishika besi na vingine vikizungumza juu, sogea kwa *Nebraska*, iliyotoka tarehe 30 Septemba 1982. Springsteen aliirekodi nyumbani kwake Colts Neck, New Jersey, kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne. Gita, harmonika, mandolini, sauti, na vyombo vingine vichache tu. Alikusudia iwe mazoezi tu, ya kuwaonyesha wenzake kabla ya kuingia studio. Bendi ikajaribu nyimbo hizo kwa vyombo vyote, ikashindikana: zilipoteza roho. Kaseti ile aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha ndiyo iliyogeuzwa albamu. Sisi tunaojua kwamba mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, kwa gita moja na kifaa cha kubebeka, na muziki ule ukazunguka dunia, hatuwezi kushangaa kwamba kaseti moja imetosha.

Filamu ya 2025 kuhusu kutengenezwa kwa *Nebraska* imefanya watu wengi waanzie hapo. Sipingi. Lakini ujue ni albamu ya giza: wauaji, polisi anayemwacha ndugu yake atoroke, mtu aliyepoteza kazi baada ya kiwanda cha magari kufungwa, akashika bunduki. Kwa mtu asiyezoea sauti ya Springsteen, dakika 40 za namna hiyo zinaweza kumfanya aamini kwamba huyu hajui kucheka.

Na kama sikio lako linataka kucheza? Kuna *Born in the U.S.A.* ya Juni 1984. Nyimbo 12, na 7 kati yake ziliingia kumi bora za Marekani. Ni albamu nzuri, siidharau. Ila sauti za vinanda vya miaka ya 1980 zimeifunika, na wimbo wa kwanza umewapoteza watu wengi, wakiwemo wanasiasa. Ukisikia kiitikio tu unadhani ni wimbo wa kusifu taifa. Beti zake zinamhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam na kukuta hakuna kazi kiwandani, hakuna msaada, hakuna pa kwenda. Ukianza hapa bila kusoma maneno, utaanza kwa kumwelewa vibaya.

Hatua ya tatu: kama bado huna uhakika, chukua *Darkness on the Edge of Town*

Huu ndio ushauri wangu kwa mtu wa Lubumbashi. Ilitoka Juni 1978. Nyimbo 10, dakika 43 hivi.

Baada ya *Born to Run* Springsteen alikuwa maarufu kiasi kwamba *Time* na *Newsweek* ziliweka sura yake kwenye jalada wiki moja, Oktoba 1975. Kisha akagombana mahakamani na meneja wake, Mike Appel, na kwa karibu mwaka mzima alizuiwa kuingia studio na mtayarishaji aliyemtaka, Jon Landau. Kesi ilimalizika Mei 1977. Alipotoka hapo hakutaka tena ule ukuta wa sauti. Aliandika makumi ya nyimbo, akatupa nyingi zilizokuwa na utamu wa redio. “Because the Night” alimwachia Patti Smith, ambaye aliumalizia maneno na kuufanya wimbo wake mkubwa kuliko yote. Kumi alizobakiza ni zile zilizoshikana: watu wenye kazi ngumu, katika miji midogo, baada ya ndoto ya kutoroka kuisha.

Baba yake, Douglas, alifanya kazi kiwanda cha mazulia pale Freehold, akafanya kiwanda cha magari, akaendesha basi, akalinda gereza. Alikaa jikoni usiku taa imezimwa. Baba na mwana hawakuzungumza kwa urahisi. Albamu hii ndiyo ya kwanza ambamo mwana anageuka kumtazama baba yake vizuri.

Sasa nenda wimbo wa saba, “Factory”. Hauzidi dakika mbili na nusu. King'ora cha asubuhi, mtu anatoka kitandani, anachukua chakula chake, anapita lango kwenye mvua. Kiwanda kinamla masikio na papo hapo kinamlisha. Jioni wanaume wanatoka langoni na unaona machoni mwao kwamba usiku kuna mtu ataumia. Ni hayo tu. Hakuna hotuba, hakuna lawama, piano inatembea polepole kama mtu anayekwenda zamu.

Mtu aliyekulia Lubumbashi anahitaji kuelezwa nini hapo? Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba. Bomba la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba unauona ukiwa karibu popote mjini. Vizazi vya watu vilihesabu saa kwa king'ora, vilipokea unga wa kampuni, vilisoma shule za kampuni, vilitibiwa hospitali za kampuni. Halafu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, waliondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyekuwa mtu wa kazi akawa mtu wa kukaa barazani. Kimya cha nyumba hizo mnakijua. Springsteen aliimba kimya hichohicho miaka 25 kabla, kutoka upande wa mtoto anayemwogopa baba yake na kumhurumia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasema mlango wetu ni huu.

Hatua ya nne: pata toleo lenyewe

Andika jina lote la albamu, kisha hesabu nyimbo. Lazima ziwe 10, ya kwanza “Badlands”, ya mwisho yenye jina la albamu. Kuna toleo kubwa la 2010 linaloitwa *The Promise*, lenye nyimbo zilizoachwa nje. Zuri sana, lakini si la kuanzia. Lililosafishwa sauti halina shida, mradi ni zile 10.

Kuhusu mega: dakika 43 za MP3 ya kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama mega 40. Ukitaka ubora wa 320, hesabu kama mega 100. Pakua mara moja ukae nayo kwenye simu. Kuitazama kwa video kila mara ni kumwaga pesa, kwa sababu picha inakula mega nyingi kuliko sauti, na picha yenyewe mara nyingi ni jalada lililosimama tu. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu sokoni wanaweza kukusaidia, ila waambie wazi: albamu hii, nyimbo 10, kwa mpangilio wake. Wasipoelekezwa wanakuchanganyia na za wengine.

Ukimaliza kupakua, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Hili si dogo. Mara nyingi simu hukiacha kimewashwa bila mwenyewe kujua.

Angalia jalada pia. Mpiga picha Frank Stefanko alimpiga picha hiyo nyumbani kwake mwenyewe Haddonfield, New Jersey, chumbani, kwenye karatasi ya ukutani yenye maua. Fulana nyeupe, koti la ngozi, nywele zimevurugika, macho ya mtu ambaye hakulala. Hakuna gita, hakuna jukwaa. Ndivyo albamu inavyosikika.

Hatua ya tano: soma, kisha sikiliza

Kiingereza chake hakiko wazi kila mahali, hata kwa wale wanaovuka Kasumbalesa kila wiki na kukizungumza na Wazambia. Anavuta maneno, anayameza mwishoni. Maneno ya nyimbo zake yako kwenye tovuti yake rasmi. Maandishi hayali mega nyingi. Soma nyimbo mbili tatu usiku uliotangulia. Usilazimishe kuelewa kila neno. Shika nani anasema, yuko wapi, anataka nini.

Msomaji wa Biblia atakuwa mbele ya wengine. Wimbo wa pili unamtaja Adamu na Kaini: mwana anarithi dhambi za baba, baba amefanya kazi maisha yake yote bila kupata chochote ila maumivu. Gita linapiga yowe kabisa pale, na Springsteen analia kwa sauti kavu. Kwa walioshika Mwanzo sura ya 4, hakuna fumbo katika wimbo huo.

Sikiliza kwa spika za masikioni au bafle nzuri, si spika ya simu. Besi ya Garry Tallent na ogani ya Danny Federici hazitoki kabisa kwenye kile kitundu kidogo. Kama umeme umekatika na betri iko chini, ahirisha.

Albamu ilitengenezwa kwa santuri yenye pande mbili, na inafaa kusikilizwa hivyo. Upande wa kwanza una nyimbo 5, “Badlands” mpaka “Racing in the Street”. Upande wa pili unaanza na “The Promised Land”. Sikiliza upande mmoja, simama, fanya kazi nyingine, rudi. Pande zote mbili zinaanza kwa nguvu na kuishia katika upweke.

Sikiliza kwa makini zaidi “Racing in the Street”, wimbo wa tano. Karibu dakika 7. Unaanza na piano ya Roy Bittan peke yake, polepole. Mtu anaeleza gari lake: Chevrolet ya 1969, injini yake, kwamba yeye na mwenzake wameliunda kwa mikono yao wenyewe. Mchana anafanya kazi, jioni ananawa, anakwenda kushindana barabarani kwa pesa. Unadhani ni wimbo wa magari. Ubeti wa tatu unaleta mwanamke aliyempata kwenye mashindano hayo miaka mitatu iliyopita. Sasa ana mikunjo machoni, anakaa kwenye baraza la nyumba ya baba yake, ndoto zake zimechanika, analia kabla ya kulala. Mshindi wa barabarani hana la kumfanyia ila kumchukua kwenda baharini ili waoshe mikono yao. Kisha mwimbaji ananyamaza, na vyombo vinaendelea.

Hapo ndipo masikio yetu yana faida. Sisi tunajua kwamba sehemu muhimu ya wimbo inaweza kuanza mwimbaji anapomaliza. Sebene, ile sehemu ya vyombo katika rumba, imetufundisha. Hii haichezeki, haipandi kasi, lakini ni desturi ileile ya kuwaachia wapigaji nafasi waseme kilichobaki: piano inarudia mzunguko mmoja, ogani inaingia chini yake, ngoma za Max Weinberg zinafika kwa adabu. Mzungu asiye na subira husogeza mbele. Wewe kaa.

Mdogo wangu mmoja aliniuliza: “Yaya, mbona huyu hapumziki? Kila wimbo ni kazi, kazi.” Nikamwambia arudie wimbo wa tisa, “Prove It All Night”, na wa nne, “Candy's Room”, ambapo ngoma zinakimbia kama moyo wa mtu anayepanda ngazi kwenda kwa mpenzi wake. Mapenzi yamo. Yanalipiwa tu, kama kila kitu kwenye albamu hii.

Ipe nafasi zaidi ya mara moja. “Badlands” itakushika leo. “Something in the Night” na “Streets of Fire” zitachelewa, kwa sababu anaziimba kwa kilio zaidi kuliko kwa maneno. Zikikushinda baada ya kurudia wiki mbili hivi, bado unazo nyimbo nane zenye nguvu.

Hatua ya sita: kutoka hapo uende wapi

Kama “Factory” na “Racing in the Street” ndizo zilizokugusa, chukua *The River* ya Oktoba 1980. Ni ndefu, nyimbo 20, na safari hii kuna kucheka na kucheza pia. Wimbo wenye jina la albamu aliuandika kwa kuangalia dada yake na shemeji yake, ambaye alipoteza kazi ya ujenzi wakati wana familia changa. Baada yake nenda *Nebraska*, utaikuta imekuwa nyepesi kuingia, na mbali zaidi kuna *The Ghost of Tom Joad* ya 1995, yenye wimbo “Youngstown” kuhusu mji wa chuma uliotumika mpaka ukaisha. Usiupite huo.

Kama “Badlands” na “The Promised Land” ndizo ulizorudia, rudi nyuma kwenye *Born to Run*, halafu sasa ndiyo saa ya *Born in the U.S.A.*, beti utazisikia kabla ya kiitikio. Mwishoni mwake kuna “My Hometown”, baba akimtembeza mwanawe kwa gari katika mji ambao kiwanda chake kinafungwa. Baada ya hizo, jukwaa: *Live/1975–85* ina nyimbo 40, na inapita saa tatu, kwa hiyo igawe.

Na kama *Darkness* haikukugusa kabisa, jaribu *We Shall Overcome* ya 2006. Nyimbo si zake, ni za zamani ambazo Pete Seeger, mwimbaji wa nyimbo za jadi za Marekani, alizibeba, na zimepigwa na kundi kubwa la violini, banjo na mapulizo sebuleni kwake, bila mazoezi mengi, kila mtu akiitikia. Watu wa kwaya huipenda haraka. Mega zake ni kama 60 kwa ubora wa kawaida.